Sindano ya Kuamsha Tezi

Mwaka uliopita tulimponza mtoto wa dada yetu kwa neno moja tu: "Acheni hivyo vidonge." Mtoto huyo, mwenye miaka 9, alikuwa na pumu, naye alimeza prednisoloni kwa miezi mingi, vidonge vilivyonunuliwa sokoni pasipo karatasi ya mganga. Uso wake ukawa mviringo kama mwezi mpevu, nasi tukausifu unene ule! Fedha ilipopungua, pumu nayo imetulia, tukamwambia dada kwamba haja imekwisha. Alitusikiliza, maana sisi ndio tuliosoma.

Wiki ya pili mtoto akashikwa na malaria. Ndugu zake wawili waliugua homa ile ile, wakapona. Yeye alitapika, akalegea, hata hakuweza kuitika jina lake. Hospitalini walimtia maji ya chumvi na sukari mshipani, wakampiga sindano ya haidrokotisoni. Jioni akaomba uji.

Mganga alitueleza kwa upole, ingawa tulistahili ukali. Juu ya kila figo pana tezi ndogo itoayo kortisoli, homoni inayomwezesha mtu kustahimili ugonjwa. Tezi hizo huagizwa na nyingine, ndogo kama njegere, iliyo chini ya ubongo. Vidonge vile hufanya kazi ya kortisoli. Basi vikijaa mwilini, maagizo hukoma, na tezi za figoni zikilala muda mrefu hunywea. Kuviacha ghafula ni kumwacha mtoto mikono mitupu. Tangu mwaka 1855 Thomas Addison wa London alikwisha kuandika jinsi watu wanavyodhoofika na kufa tezi hizo zikiharibika.

Lakini utajuaje kama zimeamka? Kupima damu mara moja mara nyingi hakutoshi, kwani kortisoli hupanda asubuhi na kushuka usiku. Yafaa kuzipigia kengele na kutazama kama zinaitika. Miezi miwili baadaye, mganga akiwa amezuia dozi za jioni na asubuhi, walitoa damu, wakaingiza homoni iliyotengenezwa mfano wa ile iletayo agizo, wakatoa damu tena baada ya dakika 30 na 60. Mtoto alilia mara moja tu, sindano ilipoingia mshipani. Iko njia nyingine, ya insulini, ishushayo sukari kusudi ili kuijaribu hata tezi ya ubongoni. Mganga hakuitaka, kwa kuwa yaweza kumzimisha mtoto, na muuguzi hana ruhusa kuondoka kitandani.

Kortisoli ilipanda kidogo tu. Tezi zilikuwa zingali zinasinzia.

Sasa anameza haidrokotisoni kila siku. Akipata homa dozi huongezwa, akitapika hukimbizwa kupigwa sindano. Kipimo kitarudiwa baada ya likizo kubwa. Dada yetu hakutulaumu hata siku moja, na laiti angetulaumu. Kila Jumamosi hutuuliza, "Kaka, vidonge vingaliko?" Nasi twavihesabu mbele yake.