Kompyuta ya mama nayo ina tarehe ya mwisho wa matumizi

Mama yangu ni nesi mstaafu. Nyumbani kwetu Shangani, hapa Mtwara, amefungua duka dogo la dawa muhimu kwenye chumba cha mbele. Kila Jumamosi asubuhi hupitia boksi moja moja akitazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa inayokaribia kuisha muda huisogeza mbele. Iliyokwisha muda huiondoa, hata kama aliinunua kwa bei kubwa. "Dawa haiangalii hasara yako," husema.

Oktoba 2025 alinipigia simu nikiwa Newala kwa kazi yangu ya habari za afya.

"Mwanangu, ile kompyuta imejaa maandishi ya Kizungu kioo kizima. Naona kama inasema nayo imeisha muda."

Nilicheka. Niliporudi nyumbani na kuyasoma maandishi yale, kicheko kiliisha. Mama alikuwa amepatia. Microsoft walikuwa wanatangaza kwamba baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haitapata tena masasisho ya kawaida ya usalama. Kompyuta ingeendelea kuwaka kama kawaida. Ila kila tundu ambalo wezi wa mtandaoni wangeligundua baada ya siku hiyo lingebaki wazi.

Windows ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza unapowasha mashine na kuzisimamia nyingine zote. Simu yako pia inao, na kwa wengi wetu unaitwa Android. Watu wengi hawaufikirii kabisa mpaka siku unapowaletea taabu. Mimi ulishaniletea taabu, na kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2021 kompyuta hiyo, ambayo kaka alimletea mama ikiwa imeshatumika, ilikuwa nzito mno. Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaniambia, "Dada, nikupigie Windows mpya, elfu kumi na tano tu." Kisha akauliza kama humo ndani kuna vitu vya maana. Nikamjibu, "Hamna, ni vya mama tu."

Maneno hayo bado yananisumbua. Vitu hivyo "vya mama tu" vilikuwa jedwali alilolijaza kila asubuhi tangu mwaka 2017: presha ya baba, sukari yake, dawa alizoandikiwa, na mwili wake ulivyozipokea. Fundi alifuta kila kitu na kuweka kile alichokiita Windows mpya. Mama alipofungua na kukuta hamna kitu, hakunigombeza. Alinunua daftari akaanza upya kwa kalamu, na kompyuta akaiachia hesabu za duka.

Mwaka 2023 baba alipata kiharusi. Daktari alituuliza ni dawa zipi za presha alizowahi kutumia na ipi ilimletea shida. Mama alikumbuka kwamba mojawapo ilimvimbisha miguu, lakini jina halikumjia. "Kumbukumbu zilipotea, daktari," alisema, na hakunitazama. Baba akaandikiwa dawa. Baada ya wiki mbili miguu ilivimba, tukajua ndiyo ileile. Ilibadilishwa na uvimbe ukaisha. Sisemi kwamba jedwali lile lingezuia kiharusi. Lakini lingempunguzia baba wiki mbili za mateso ya bure, tena akiwa tayari mkono mmoja haunyanyuki.

Nimeandika habari nyingi za dawa bandia, nikiwaonya wasomaji wasinunue dawa kwa mtu asiyejulikana anakozitoa. Kumbe mimi mwenyewe nilimnunulia mama dawa ya namna hiyo. Ile ya elfu kumi na tano ilikuwa nakala iliyovunjwa kufuli, isiyo na leseni. Hakuna anayejua nini kingine kilichopachikwa ndani yake.

Ni kweli kwamba wengi hununua za namna hiyo kwa sababu ya bei. Windows 11 ya nyumbani ikinunuliwa yenyewe huuzwa dola 139 huko Marekani, zaidi ya shilingi 300,000 za kwetu. Kwa nyumba inayosubiri minada ya korosho ndipo ishike fedha, hiyo si bei ndogo.

Lakini nilipoanza kufuatilia nikaona kwamba kitu chenyewe kinachouzwa nacho kimebadilika. Agosti 1995, Windows 95 ilipotoka, watu Ulaya na Marekani walipanga foleni usiku wa manane kununua boksi. Ulilipa mara moja, ukaenda nalo nyumbani. Baadaye bei ilifichwa ndani ya bei ya kompyuta mpya, na wengi wakadhani mfumo huja bure. Mwaka 2015 Windows 10 ilitolewa bila malipo kwa waliokuwa na matoleo mawili yaliyotangulia. Android nayo mtumiaji haitolei senti. Google hupata fedha zake kupitia matangazo na huduma nyingine.

Sasa mwelekeo ni wa kupangisha. Tangu mwaka 2021 Microsoft huuzia ofisi Windows 365: Windows yenyewe inakaa kwenye mitambo ya mbali, nawe unalipa kila mwezi kuifikia kwa intaneti. Hata Windows 10 iliyokwisha muda, mtu wa kawaida aliuziwa nyongeza ya mwaka mmoja kwa dola 30, hadi Oktoba 2026. Yaani tunatoka kwenye kununua nyumba tunaingia kwenye kodi ya chumba.

Kwa wenye intaneti isiyokatika na mshahara wa kila mwezi, huenda hilo ni jema. Mwenye nyumba ndiye anayeziba paa. Lakini sisi tunakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Siku hiyo mama aliuza dawa kama kawaida kwa sababu hesabu zake zilikuwa ndani ya mashine yake. Zingekuwa kwenye chumba cha kupanga ng'ambo, angekaa nje akisubiri mlango ufunguliwe.

Najua wapo watakaosema: achana nayo, mbona bado inawaka? Kwa kazi yangu jibu ninalo. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilivamia kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza. Faili zilifungwa, na wavamizi wakadai fedha ili wazifungue. Magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine, na ilikadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa 19,000 hivi ilifutwa. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, Machi 2017. Mashine zilizoathirika hazikuwa zimewekewa. Zote zilikuwa "bado zinawaka".

Basi jioni moja tulikaa barazani, mama, baba, mimi na mdogo wangu wa kiume anayesoma chuo. Windows 11 isingewezekana, kwa sababu inadai kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na yetu ni kuukuu. Kununua mpya mama alikataa. "Hela ya korosho ni ya dawa za baba yenu na ada ya huyu," alisema akimwonyesha mdogo wangu. Ile nyongeza ya mwaka mmoja nayo ingetusogeza tu hadi Oktoba nyingine, tena juu ya nakala ileile ya wizi.

Mdogo wangu akapendekeza Linux Mint. Ni mfumo endeshi wa bure kwa halali, uliojengwa juu ya Ubuntu, ambao Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliuanzisha mwaka 2004. Miaka hiyo Ubuntu walituma hadi sidii za bure kwa posta kwa aliyeomba. Humo ndani mna LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, mzao wa OpenOffice, ileile ambayo mwaka 2004 huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri na kuiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo si mambo mageni kwetu kama nilivyodhani.

Safari hii nilimuuliza mama kabla hatujagusa kitu. Alikaa na mdogo wangu akimwonyesha faili moja baada ya nyingine, na kila moja ikanakiliwa kwenye flashi mbili. Moja anayo yeye, nyingine ninayo mimi.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa mteremko. Printa iligoma siku mbili. Mama alilalamika kwamba vitu vimehamishwa kama jikoni kwa mkwe. Na mafundi wengi wa mjini, ukiwatajia Linux, wanakurudishia mashine yako. Mwenye programu maalumu ya kazini inayotaka Windows, njia hii haitamfaa.

Ndugu msomaji, kabla hujanunua kompyuta au simu, hasa iliyotumika, uliza mambo matatu. Mfumo wake utapata masasisho hadi mwaka gani? Leseni yake ni halali? Na intaneti ikikatika au nikishindwa kulipa, vitu vyangu nitavipata? Muuzaji asipojua, usione haya kutafuta jibu kwanza. Simu nazo zimo: Oktoba 2023 WhatsApp iliziacha simu zenye Android ya chini ya namba 5, na shangazi yangu akadhani ni bando limeisha. Na kabla fundi hajafuta chochote, muulize mwenye mashine. Si wewe unayejua kipi ndani yake ni cha maana.

Mdogo wangu alipomaliza kazi, mama alimuuliza swali moja tu: "Na hii mwisho wake lini?"

"Aprili 2029, mama."

Akachukua plasta ya dukani, akakata kipande, akaandika tarehe hiyo kwa kalamu ya wino mzito na kukibandika pembeni ya kioo. Kisha akafungua jedwali jipya, akaliita kwa jina la baba, akaanza kunakili yaliyomo kwenye daftari. Kwenye safu ya dawa, mstari wa kwanza kabisa, aliandika jina la ile iliyomvimbisha miguu.