Shamba, Mshahara na Baiskeli: Kumbukumbu ya Barabara ya Njoro

Vijana wengi wanaokulia Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, huiona baiskeli kuwa chombo cha watoto au cha mazoezi ya wikendi, na wakielezwa kwamba babu zao walitoka Njoro, Bahati au Lanet kila siku ya kazi kwa kukanyaga pedali, hudhani masimulizi hayo yametiwa chumvi. Hawastahili kulaumiwa, kwa kuwa barabara wanazozijua hazina nafasi ya mwendesha baiskeli, sembuse kumbukumbu yake. Hata hivyo, asiyezijua safari hizo hawezi kueleza jinsi mfanyakazi wa kiwandani katika Bonde la Ufa la kati alivyoweza kuwa pia mkulima, wala jinsi unga, sabuni na karo zilivyofika nyumbani zikiwa zimefungwa kwa mpira kwenye karia, yaani kile kitako cha chuma kilicho nyuma ya tandiko.

Chanzo cha safari hizo kilikuwa ardhi. Chini ya utawala wa kikoloni mfanyakazi Mwafrika alitakiwa kulala karibu na kazi yake, katika landhi za reli, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi, au katika mitaa kama Bondeni na Kaloleni, ambako chumba kimoja kiligawanywa na watu wasiohusiana. Mashamba ya walowezi yalipoanza kununuliwa na kampuni za ardhi, ambazo zilikusanya michango ya wanahisa wengi na kuwagawia ekari kulingana na hisa zao, kama ilivyofanya Ngwataniro chini ya Kihika Kimani katika miaka ya 1970, mtu wa mshahara mdogo aliweza kumiliki shamba bila kuacha kazi mjini. Familia ilihamia shambani, mahindi yakapandwa, ng'ombe akafungwa zizini, na mwenye nyumba akabaki na swali la kilomita 15 au 20 kila asubuhi. Nauli ya kila siku ingeyala mahindi yote kabla hayajavunwa, kwa hiyo baiskeli ndiyo iliyoupatanisha mshahara na shamba.

Baiskeli yenyewe, iliyojulikana kote Kenya kwa jina la Black Mamba, ilikuwa ya chuma kizito, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo zisizotumia waya, na gia moja isiyobadilika iwe ni mteremko au mlima. Raleigh ya Uingereza iliheshimiwa kuliko zote, na aliyekuwa nayo aliitunza hadi akamrithisha mwanawe. Baadaye zikaja Phoenix za China pamoja na Hero, Avon na Atlas za India, ambazo wazee walizinunua huku wakizilalamikia. Raleigh iliacha kutengeneza baiskeli Nottingham mwaka 2002, lakini kufikia wakati huo zile zilizokuwa Nakuru zilikuwa zimebadilishwa rimu, spoki na mnyororo mara nyingi mno, hata haikuwa rahisi kusema ni sehemu gani bado ilikuwa ya Uingereza.

Kuizoea safari kulikuwa elimu ya mwili, na mwalimu wake alikuwa umbo la nchi. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali katikati ya Nakuru ni kama mita 1,850, chini ya volkano ya Menengai na juu kidogo ya Ziwa Nakuru, kwa hiyo mtu wa Njoro alishuka asubuhi akiwa na nguvu na kupanda jioni akiwa amechoka. Mgeni wa njia hiyo alidanganywa na asubuhi yake ya kwanza, akafika kazini mapema na kujisifu, kisha jioni akagundua kwamba mlima ulikuwa ukimsubiri. Wazoefu walimfundisha kuinua tandiko mpaka mguu ukaribie kunyooka, ili magoti yasiumie. Walimfundisha pia kutokula hadi kushiba kabla ya kupanda. Na zaidi ya yote, walimfundisha kushuka na kusukuma bila kuona haya, kwa kuwa aliyeng'ang'ania kukanyaga hadi kileleni aliamka kesho yake akiwa hafai. Kushika nyuma ya lori ili kuvutwa kulikatazwa na kila mzee, na kulifanywa na takriban kila kijana.

Majira nayo yalikuwa na masharti yake. Katika miezi ya Januari na Februari vumbi la udongo mwepesi wa volkano liliingia machoni na katika goroli, yaani zile tufe ndogo za chuma zinazowezesha gurudumu kuzunguka. Aprili mvua ilichimba kingo za barabara. Na Julai baridi ya alfajiri ilikuwa kali kiasi kwamba wengi walitanguliza gazeti kifuani chini ya shati. Taa iliwashwa na dainamo, kifaa kidogo kilichosuguana na tairi na kuzalisha umeme, ambacho kiliongeza uzito wa pedali wakati mguu ulikuwa umechoka, na kuzimika papo hapo baiskeli iliposimama.

Ambaye hatajwi katika vitabu, ingawa bila yeye mpango mzima ungevunjika, ni fundi wa njia panda. Hakuwa na duka, bali kivuli cha mti, benchi, pampu ndefu ya mkono na karai la maji. Tyubu iliyopata pancha ilizamishwa karaini mpaka mapovu yakaonyesha tundu, ikakaushwa, ikakwaruzwa kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, ikapakwa solushen, yaani gundi ya mpira, na kiraka kilichokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu kikabandikwa baada ya fundi kungoja gundi ishike, kungoja ambako mteja aliyechelewa zamu hakukuvumilia kwa urahisi. Harufu ya mahali hapo ilitangulia kuonekana kwake: gundi kali inayopanda kichwani, mpira uliokwaruzwa, grisi iliyochanganyika na vumbi, na oili chafu ya injini iliyopakwa kwenye minyororo.

Fundi huyo alikuwa pia benki na gazeti. Alikopesha viraka hadi mwisho wa mwezi na kuandika madeni katika daftari lililojaa alama za vidole, na alijua kiwanda kipi kimechelewesha mishahara kwa kuhesabu watu waliokuwa wakipita wakitazama upande wa pili. Aligundua rimu iliyopinda kwa kusikiliza gurudumu, akainyoosha kwa kukaza spoki moja na kulegeza ya pili, na hakumwachia mteja baiskeli yenye breki mbovu hata kama mteja huyo hakuwa na pesa. Warsha za leo, zenye vibao vya rangi na simu za kulipia, hubadilisha sehemu nzima kwa sababu kutengeneza kunachukua muda, na kisha humtoza mteja gharama ya uvivu huo.

Viwanda vilivyowaita waendeshaji hao navyo vilikuwa na historia yake: kiwanda cha betri cha Eveready kilianza Nakuru mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014, na kiwanda cha pareto kiliyumba kadiri wakulima walivyoliacha zao hilo. Tarehe hizi ni sahihi, ila waendeshaji wenyewe walipima nyakati kwa king'ora cha zamu na kwa urefu wa safu za baiskeli mbele ya lango.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Matatu ziliongezeka, katika miaka ya 1990 boda boda za baiskeli, zilizoanzia mpakani Busia, zikawapa vijana wa Nakuru kazi ya kubeba abiria, mwaka 2008 pikipiki ndogo zikaondolewa kodi, na katika muda mfupi baiskeli ya abiria ikatoweka. Mashamba yaligawanywa kuwa ploti, ploti zikawa nyumba za kupanga, na ukingo wa barabara, ule ukanda mwembamba ambao ulikuwa mali ya mwendesha baiskeli, ukachukuliwa na pikipiki, vibanda na magari yanayopita upande usio wao.

Bado wapo wanaoendesha kutoka mitaa ya Kaptembwa na Rhonda, na kule Naivasha wafanyakazi wa mashamba ya maua huonekana alfajiri kando ya ziwa, ila hawa hufanya hivyo kwa sababu ya umaskini tu, bila shamba la kuwafidia uchovu. Baiskeli haikushindwa na mlima wa Njoro, ambao wazee wake waliupanda jioni kwa miaka mingi, bali iliondolewa barabarani na watu waliochora ramani wakiwa ndani ya magari. Upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, inayopitia Nakuru, uliozinduliwa mwishoni mwa 2025, ungeanza kurekebisha kosa hilo iwapo kila mchoro wake ungelazimika kuonyesha, kabla ya njia ya lori, mahali atakapopita mtu wa pedali.