Mwari na Damu ya Mama

Akina mama wenzetu, sisi tunaojitolea kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare tumewahi kukutana na picha ya ndege anayejitoboa kifua huku makinda wakinywa damu yake. Ndege huyo ni mwari, ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo. Kwenye baridi yetu ya Njombe hatumwoni. Huishi kwenye maziwa kama Rukwa na Manyara.

Picha hiyo ni ya kale. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Physiologus, cha karne za kwanza za Ukristo, kilisimulia kwamba makinda ya mwari hufa, na siku ya tatu mzazi huwafufua kwa damu yake. Katika Zama za Kati mafundi wa Ulaya walimchora mwari juu ya msalaba na kumchonga makanisani. Waumini wengi hawakujua kusoma, lakini walielewa: Kristo alimwaga damu yake tupate kuishi.

Hatari huja tunapoigeuza picha hiyo kuwa sheria ya mama nyumbani. Kliniki, Njombe hata Makambako, tunawapokea wajawazito wenye viganja vyeupe. Tukiuliza, "Jana ulikula nini?" mama hujibu, "Niliwapakulia baba na watoto, mimi nikakwangua ukoko." Majirani humsifu kwa kujitoa. Lakini mama mwenye upungufu wa damu, akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba. Tunaweza kumpoteza, na wale aliowashibisha wakabaki yatima.

Mwari halisi hajitoboi. Huenda waliomwona ameinamisha mdomo kifuani walidhani hivyo. Huvua samaki, hula, kisha hurudi kiotani na makinda hutia midomo yao kooni mwake wakala. Tena dume na jike hulea pamoja.

Basi wapendwa, damu ya wokovu ilikwisha kumwagwa mara moja. Hatudaiwi kuimwaga tena jikoni. Tupakue sahani yetu pamoja na za wengine: maharage, mchicha, dagaa na chungwa. Chai tuinywe baadaye, maana ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kuingia vizuri mwilini. Vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki tuvimeze, tusivifiche kabatini. Na akina baba nao tuwasimulie habari za mwari dume.