SEHEMU YA 6: Usiniambie "silali" tu

Akina mama, wengi mmeniuliza inboksi: "Dada nesi, nitajuaje kama ni kiwewe cha uzazi au ni uchovu wa mtoto tu?"

Mfikirie mwenye duka la mtaani. Hajui unapika nini, ila anaona anayenunua majani ya chai huchukua na sukari. Watafiti nao hufanya hivyo kwa dalili: wanawauliza watu wengi maswali yaleyale, halafu hesabu inaonyesha majibu gani yanapanda pamoja. Hesabu za namna hii zilichangia mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 kuzigawa dalili za PTSD mafungu manne, badala ya matatu ya zamani.

Kwa waliojifungua ikawa tofauti kidogo. Susan Ayers na wenzake wa London walitoa dodoso la maswali 29 mwaka 2018, na majibu yakajipanga mafungu mawili. La kwanza ni la uzazi wenyewe: ndoto za chumba cha kujifungulia, picha zinazokuvamia mchana, kukwepa kila kinachokukumbusha siku ile. La pili ni la jumla: hasira, kushtukashtuka, kukosa usingizi, kujiona uko mbali na watu.

Sasa nisikilize. Hilo la pili watu wakiliona wanasema "ndo ulezi huo", au tunaandika sonona. La kwanza halionekani kabisa. Kliniki tunakuuliza mtoto ananyonya? Kidonda kimekauka? Nani anakuuliza umeota nini? Na anayekwepa hospitali ndo hatumwoni kabisa. Anamtuma bibi na mtoto kwenye chanjo, sisi tunasema eti mama mvivu. (Hilo neno linaniudhi, jamani.)

Kwa hiyo ukija, sema kinachokuamsha. Kama ni mtoto, sawa. Kama mtoto kalala fofofo na wewe umekaa kitandani unasikia tena vyombo vya chumba cha upasuaji, na imepita zaidi ya mwezi, sema hivyohivyo. Yapo matibabu ya mazungumzo yanayolenga kumbukumbu ile yenyewe. Ukishindwa kupita geti, mtume mtu aniite, nitakuja nje tuongee.

Ila ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usihesabu mwezi. Njoo leo, na usije peke yako.

Sehemu ya 7 ni ya akina baba waliokuwepo chumbani.