Karabai ya Bi Harusi



Mnaotujua mnajua ugonjwa wetu: taa za zamani. Sisi ni mtu na wifi yake, mmoja mzaliwa wa Bukoba, mwingine kaolewa huku akitokea Unguja. Tulianza kwa kubishana hata jina, huyu anasema kandili, huyu chemli. Kwenye karabai, ile ya kupiga pampu, ubishi ukaisha.

Muleba ndiko tunakozipata. Wavuvi wa dagaa wa Bumbire na visiwa vya jirani walikuwa wakiziwasha ziwani usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, wanapumzika. Sasa wengi wamehamia taa za betri na sola, na karabai zimebaki darini au zimegeuzwa vyombo vya misumari. Tunazinunua mwaloni, tunaziosha kwa sabuni na ndimu, nyingine tunabaki nazo, nyingine tunawauzia wapambaji wa harusi.

Wengi hukimbilia jina, hasa Petromax, ile ya Ehrich & Graetz wa Berlin. Sisi tunapindua taa kwanza tuone kitako. Tunatafuta makosa ya kiwandani: herufi zilizogongwa mara mbili zikawa na kivuli, muhuri uliokaa kichwa chini, mdomo wa mafuta ulioenda upande. Taa kama hiyo ilimpita mkaguzi, ikavuka bahari, ikafika ziwani kwetu. Wapo wakusanyaji wanaoilipia zaidi.

Ila kasoro nyingine ni za fundi wa mwaloni. Dawa yake ni kuangalia nikeli, ule weupe unaong'aa. Kiwandani shaba huundwa na kulehemiwa kwanza, nikeli hupakwa mwisho. Kwa hiyo kosa la kiwandani liko chini ya nikeli, limefunikwa. Ukiona umanjano wa shaba unachungulia pembeni, au risasi ya kulehemu imekaa juu ya nikeli, hilo limekuja baadaye.

Haya tuliyajua, na bado tukateleza. Tulimuuzia bi harusi mmoja wa Kashai karabai ambayo shina la pampu limeinama. Tukamwambia ni kosa la kiwandani, adimu, na bei tukaipandisha. Alitaka iwake ukumbini, si pambo tu. Siku mbili kabla ya harusi tukawa tunaosha nyingine kutoka kwa mvuvi yuleyule. Shina limeinama vilevile, upande uleule. Masizi yalipotoka, tukaona donge la risasi juu ya nikeli.

Tangi la karabai hujazwa upepo kwa pampu, na juu yake kuna moto. Kiungo kibovu kikiachia, mafuta ya taa yanaruka.

Mmoja wetu alisema labda ya kwake ni nzima. Mwingine akanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kukubali. Kisa cha Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa tunakijua tangu madrasa, lakini mchana ule hakuna aliyekitaja. Baada ya Alasiri mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi huku akitusikia, akauliza tu: "Mmemwambia?"

Tukapanda bajaji. Bi harusi alikuwa na hina mbichi mikononi, hakuweza kuishika taa. Tukaigeuza sisi, tukakwangua masizi mbele yake. Risasi ile ile. Aibu tuliyoona mbele ya mama yake, tuiache.

"Shangazi zangu," akasema, "nirudishieni ile mliyozidisha. Taa naitaka."

Tulimrudishia zaidi ya nusu. Tukatoa pampu kabisa, kaka yake akaweka balbu ya betri ndani, na ukumbini ilipendeza.

Pacha wake yuko kabatini kwetu. Tumemfunga kikaratasi shingoni: risasi ya fundi, asipigwe pampu.