Besi Iliyochelewa

Niliviacha nyumbani vikanyagio vya gitaa langu la besi, nikaenda arusini na kipakatalishi kilichojaa programu za kupamba sauti. Ole wangu! Kila nilipogusa uzi mlio ulikawia, na wachezaji wakapotewa na miguu. Kosa lilikuwa langu. Kipakatalishi hupokea sauti kwa vipande 48,000 kila sekunde. Nami nilikuwa nimekiagiza kikusanye vipande 1,024 kabla ya kuvishughulikia, yaani kungoja milisekunde 21 sauti iingiapo, na nyingine kama hizo itokapo. Nilishusha hadi 128, kungoja kukawa chini ya milisekunde 3 kila upande. Lakini haraka hiyo ilikielemea, sauti ikakwaruza, hata nikaondoa mapambo mawili. Ndipo miguu ikarudi. Tangu usiku ule natanguliza wakati, pambo hufuata.