Alama Tano za Kamera Mjini Isiolo

Msafiri atokaye Nanyuki kwenda Isiolo huiacha baridi ya Mlima Kenya na kuteremka hadi kwenye uwanda wa joto na vumbi. Ndivyo tulivyofika kwa shangazi yetu aliyeolewa huko, tukiwa na kamera ndogo ya dijitali. Gurudumu lake lina alama tano, na kila alama ina kazi yake.

Alama ya milima ni ya mandhari. Tundu la lenzi hujibana, hata migunga iliyo karibu na mlima ulio mbali vikaonekana wazi pamoja. Wakati wake ni asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima.

Alama ya mkimbiaji ni ya viendavyo. Katika soko la mifugo wanapokutana Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, mbuzi na ngamia hawamsubiri mpiga picha. Kamera hufumbua na kufumba upesi, mwendo usiache ukungu.

Alama ya kichwa ni ya mtu: huudhihirisha uso na kuyafifiza yaliyo nyuma. Lakini hiyo hutanguliwa na idhini. Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia, yale yapakiwayo mabasini hadi Eastleigh, Nairobi, alivuta mtandio akasema, "Mwanangu, uso wangu uache, piga picha maziwa." Nikageuza kwenye ua, alama ya vitu vya karibu, nikalipiga povu kikombeni. Sote wawili tukaridhika.

Mwezi ni alama ya usiku. Lenzi hukaa wazi kwa muda, ikikusanya mwanga haba, hivyo kamera sharti itulie. Niliiweka juu ya ukuta baada ya Isha, na taa za msikiti zikatoka safi.

Alfajiri ya kuondoka, ukumbini kungali na giza, shangazi aliketi kutuaga. Akatabasamu, akainua mikono kutuombea dua. Nikapiga kamera ikiwa mkononi, gurudumu lingali kwenye mwezi. Uso wake ukatoka kama moshi. Basi lilikuwa likingoja. Nikajiambia nitampiga tena safari ijayo. Mwenyezi Mungu alimchukua kabla ya safari hiyo. Amrehemu.

Basi dada, kabla ya kubonyeza omba idhini, kisha litazame gurudumu. Na baada ya kubonyeza, iangalie picha palepale, umpendaye angali mbele yako.